Umeme, Ubongo na Ushahidi wa Mguso

Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa taabu kubwa ambazo mtazamaji hawezi kuzipima, lakini ukweli wake umeenea hata katika mambo madogo ya kila siku. Mtu aonapo nyota, jirani yake aweza kuinua macho akaiona nyota ile ile. Asikiapo ngoma, kijiji kizima chaweza kushuhudia mlio wake. Aguswapo kidole kwa unyoya, hali ni nyingine. Watu mia waweza kuuona unyoya ukipita juu ya kidole, lakini hapana hata mmoja miongoni mwao awezaye kuhisi kile anachokihisi mwenye kidole. Mguso una shahidi mmoja tu, naye ni yule aliyeguswa.

Kwa sababu hiyo, jitihada za wataalamu za kuzalisha mguso kwa umeme, pasipo ngozi kuguswa na kitu chochote, zina historia mbili. Moja ni historia ya vyombo: betri, waya, sindano na kompyuta. Ya pili ni historia ya ushahidi: nani aliulizwa, aliulizwa kwa njia gani, na neno lake lilipewa uzito gani. Ya kwanza ndiyo isimuliwayo zaidi, kwa maana vyombo huonekana na hupigwa picha. Lakini ya pili ndiyo ionyeshayo kwa nini safari iliyoanza mwaka 1870 ilichukua karibu karne moja na nusu kabla ya mtu aliyepooza kuhisi tena kidole chake. Na ndiyo ibebayo deni ambalo elimu hii inalo kwa watu walioilipia kwa miili yao.

Yafaa kwanza njia ya mguso ielezwe. Ndani ya ngozi mna vipokezi vya namna mbalimbali: vingine huamshwa na mkandamizo, vingine na mtetemo, vingine na kuvutwa kwa ngozi. Kipokezi kikiamka, mapigo madogo ya umeme husafiri katika mshipa wa fahamu, hupanda kwa njia ya uti wa mgongo, hupita katika kituo kilichomo ndani ya ubongo kiitwacho thalamasi, na mwisho hufika katika ukanda mwembamba wa gamba la ubongo. Ukanda huo umelala nyuma tu ya mfuo mkubwa ushukao kutoka utosini kuelekea sikioni. Mapigo ya mkono wa kulia huishia upande wa kushoto wa ubongo, na ya kushoto upande wa kulia. Hapo ndipo mguso hutambulikana.

Ikiwa umeme utaingizwa katika kituo hicho cha mwisho, ubongo hauna njia ya kujua kuwa mapigo hayo hayakuanzia ngozini. Ni kama mtu apokeaye barua yenye muhuri wa Lamu: hudhani imetoka Lamu, hata kama iliandikwa chumba cha pili. Kwa hiyo mwenye kutiwa umeme katika ukanda huo hahisi kitu kichwani. Huhisi mkononi, au mguuni, au mdomoni, kwa kadiri ya mahali palipoguswa na waya. Tena gamba la ubongo halina vipokezi vya maumivu, na kwa ajili hiyo laweza kufunuliwa na kuchunguzwa huku mwenyewe yu macho na anazungumza. Pasipo jambo hili la maumbile, hapangekuwa na shahidi, na historia hii isingekuwapo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wataalamu wengi wa Ulaya, wakifuata majaribio ya Pierre Flourens wa Ufaransa, waliamini kuwa gamba la ubongo halijibu likichokozwa. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, matabibu wawili wa Berlin, waliitangua imani hiyo. Hawakuwa na nafasi ya kufanyia kazi yao katika taasisi, kwa hiyo waliifanya nyumbani kwa Hitzig. Walifunua ubongo wa mbwa, wakagusisha ncha za waya mbele ya ubongo huo, na viungo vya upande wa pili wa mwili vikajongea. Kila sehemu ilikuwa na kiungo chake. Ili kuhakikisha kuwa umeme wanaoutumia ni mdogo, waliujaribu kwenye ncha ya ulimi wa mtu: mkondo uliohisiwa kwa shida na ulimi ndio walioupendelea. Hivyo basi, hata katika kazi iliyohusu mwendo wa wanyama, mizani ya kwanza ilikuwa ni hisia ya mwanadamu.

Mbwa alionyesha mwendo. Hakuweza kueleza alichohisi. Upungufu huu ulijidhihirisha upesi katika kazi ya David Ferrier, tabibu wa Scotland, aliyeanza majaribio yake mwaka 1873 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Wakefield, kaskazini mwa Uingereza. Ferrier alichunguza wanyama wengi, wakiwamo tumbili, na ramani yake ya mwendo ilimpatia sifa kubwa. Kuhusu mguso alipotea njia. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 aliuweka mguso katika sehemu za ndani karibu na hipokampasi, mbali na makao yake ya kweli. Hakuwa mzembe wala mjinga. Alilazimika kukisia hisia za tumbili kwa kutazama kama mnyama alishtuka au hakushtuka alipochomwa, na kati ya kuhisi na kushtuka pana mwanya ambao jicho la mtazamaji haliwezi kuuziba.

Kabla ya kitabu hicho kutoka, mwanya huo ulikuwa umekwisha kuvukwa huko Marekani, kwa namna ambayo utabibu haujaisahau. Mwaka 1874, katika Hospitali ya Good Samaritan mjini Cincinnati, alilazwa mwanamke wa miaka 30 aitwaye Mary Rafferty, mzaliwa wa Ireland na mtumishi wa nyumbani. Donda la saratani lilikuwa limekula ngozi ya kichwa chake pamoja na mfupa wa fuvu, hata ikawezekana kuyaona mapigo ya ubongo kupitia tundu lenye upana wa inchi mbili. Tabibu wake, Profesa Roberts Bartholow, alikuwa ameisoma kazi ya Ferrier. Aliona kuwa maradhi yamefungua mlango ambao mkono wa tabibu usingethubutu kuufungua, akatia sindano za umeme ndani ya ubongo.

Umeme ulipopita upande wa kushoto, misuli ya mkono na mguu wa kulia ilijikaza. Mgonjwa alilalamika kuwa anahisi mnyeo mkali usiopendeza katika viungo hivyo, hasa mkononi. Akaushika mkono huo kwa mkono wake wa pili, akausugua kwa nguvu. Bartholow aliandika kwamba, pamoja na maumivu hayo, mgonjwa alitabasamu kama mtu aliyechekeshwa. Katika kumbukumbu za utabibu zijulikanazo, huo ndio ushahidi wa kwanza wa mwanadamu juu ya kile kihisiwacho umeme ukiingia katika ubongo wenyewe. Hapakuwa na kitu kilichomgusa mkononi, naye akahisi mkononi.

Kisha profesa, akitaka majibu yaliyo dhahiri zaidi, aliongeza nguvu za umeme. Uso wa mgonjwa ulionyesha dhiki kubwa, akaanza kulia. Mkono wake wa kushoto ulinyooka kama mtu atakaye kushika kitu, midomo ikageuka rangi, povu likatoka kinywani, mwili ukashikwa na degedege, akapoteza fahamu. Alizinduka baadaye, lakini hali yake ikazidi kuwa mbaya, na baada ya siku chache alifariki. Maiti yake ilipopasuliwa, njia za sindano zilionekana ndani ya ubongo.

Chama cha madaktari wa Marekani kililaani majaribio hayo. Bartholow alijitetea kwa maandishi katika jarida la utabibu la Uingereza: alisema kuwa mgonjwa alikuwa hana tumaini la kupona na kuwa aliridhia, lakini alikiri kuwa, kwa kuwa sasa imejulikana kwamba madhara hutokea, kuyarudia majaribio ya namna hiyo kungekuwa uhalifu mkubwa. Utetezi wa ridhaa una kasoro iliyo wazi, maana yeye mwenyewe alikuwa amemwandika mgonjwa kuwa ni mtu wa akili dhaifu. Nayo kasoro ya pili si ndogo kuliko ya kwanza. Mnyeo wa Mary Rafferty ulikuwa ushahidi, na kulia kwake kulikuwa ushahidi vile vile. Ule wa kwanza uliandikwa kama elimu. Huu wa pili uliandikwa kama dalili, na umeme haukukatwa.

Hata kwa upande wa elimu peke yake, faida ilikuwa haba. Sindano ziliingia ndani mno, na mwendo na mnyeo vilikuja pamoja. Haikuwezekana kutenga makao ya mguso na makao ya mwendo. Swali hilo lilibaki likigombaniwa kwa muda wa miaka 30 na zaidi. Mwaka 1901 Charles Sherrington na Albert Grünbaum, katika mji wa Liverpool, walionyesha kwa kuchunguza masokwe kwamba mwendo huzalika upande wa mbele wa mfuo mkubwa, wala si upande wa nyuma. Nyuma ya mfuo umeme haukuleta kitu kinachoonekana. Je, palikuwa pakavu kweli, au palikuwa na jambo ambalo sokwe hakuweza kulisema?

Miongoni mwa waliozuru Liverpool mwaka huo alikuwa kijana mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing. Jibu la swali lile alilitoa yeye mwaka 1909, akiwa Baltimore. Alikuwa na wagonjwa wawili wa kifafa ambao mashambulio yao yalianza kwa hisia ya ajabu mkononi. Fuvu lilifunguliwa kwanza mgonjwa akiwa amelala kwa dawa. Katika awamu ya pili ya upasuaji mgonjwa aliachwa macho, Cushing akagusisha waya nyuma ya mfuo na kumwuliza ahisi nini. Hapakuwa na kiungo kilichocheza. Mgonjwa mmoja alisema ahisi ganzi. Wa pili alieleza hisia zilizo dhahiri za kuguswa. Umeme ulipohamishiwa mbele ya mfuo, kiungo kilicheza. Hivyo jambo lililowashinda watafiti wa wanyama kwa miaka mingi liliamuliwa kwa maneno machache ya wagonjwa wawili.

Tofauti kati ya Cincinnati na Baltimore haikuwa ya vyombo tu. Wagonjwa wa Cushing walifunguliwa vichwa kwa ajili ya kutafuta chanzo cha maradhi yao wenyewe, na swali aliloliuliza tabibu lilikuwa na manufaa kwa mwulizwaji. Walichosema hakikuwa pambo la jaribio. Kilikuwa dira ya kisu. Kuanzia hapo desturi mpya ilizaliwa: mgonjwa aliye macho akawa mshiriki wa kazi, na mpasuaji akawa mtu wa kungoja jibu.

Desturi hiyo ilifikia upeo wake katika mji wa Montreal, Kanada, ambako Wilder Penfield alifungua taasisi ya maradhi ya ubongo mwaka 1934. Penfield, mzaliwa wa Marekani aliyesoma kwa Sherrington huko Oxford na kujifunza zaidi kwa Otfrid Foerster huko Breslau, alipasua wagonjwa wa kifafa kwa kutia ganzi ngozi ya kichwa tu. Alipogusa mahali na mgonjwa akajibu, kijikaratasi chenye nambari kiliwekwa juu ya ubongo mahali pale, na maneno ya mgonjwa yakaandikwa mbele ya nambari hiyo. Mara nyingine alitangaza kuwa anatia umeme asiutie, na mara nyingine aliutia pasipo kutangaza, ili ijulikane kama jibu latoka katika hisia au katika matarajio. Hivyo ndivyo hakimu mwangalifu amhojivyo shahidi anayemheshimu: hamdharau, wala hamwachi bila kumpima.

Mwaka 1937 Penfield na Edwin Boldrey walichapisha ramani iliyokusanywa kutokana na majibu hayo. Msanii Hortense Cantlie aliichora kwa umbo la kijimtu cha ajabu, ambacho kilipata umaarufu zaidi katika mchoro wa mwaka 1950: kiwiliwili kidogo, mikono mikubwa mno, kidole gumba kama gogo, midomo minene. Gamba la ubongo haligawi nafasi kwa ukubwa wa kiungo. Hugawa kwa wingi wa hisia zake. Mgongo mzima una eneo dogo kuliko vidole. Ramani hii imesahihishwa baadaye katika mambo kadhaa, lakini mpango wake mkuu haujatanguka. Aitazamaye huiita ramani ya Penfield. Kwa hakika ni ramani iliyotamkwa na wagonjwa, nambari kwa nambari.

Penfield hakuficha jambo jingine lililosemwa na wagonjwa wale, nalo ndilo lililokuwa tatizo kuu la vizazi vilivyofuata. Walihisi mnyeo, ganzi, au kitu kama umeme kipitacho. Mara nyingine walihisi kama kiungo kimejongea ilhali kimetulia. Maumivu yalikuwa nadra. Lakini mara chache mno walisema kuwa wamehisi kitu halisi: kitambaa, ukuta, mkono wa mtu. Umeme ulijua mahali pa mguso; haukujua sura yake.

Sababu yake yafahamika. Mguso wa kweli huamsha seli nyingi za neva, kila moja kwa wakati wake na kwa kazi yake: hii kwa ukingo wa kitu, hii kwa mtetemo, hii kwa uzito. Waya uliowekwa juu ya gamba huziamsha maelfu kwa pamoja na kwa pigo moja. Ni kama mtu alazaye kiganja juu ya kinubi chenye nyuzi nyingi na kuziparaza zote mara moja: sauti yatoka, lakini wimbo hautoki.

Tofauti nyingine kati ya mguso wa ngozi na mguso wa umeme ilifunuliwa mjini San Francisco. Mwaka 1964 Benjamin Libet, akishirikiana na mpasuaji Bertram Feinstein, alitangaza kwamba mkondo dhaifu utiwao katika ukanda wa mguso lazima uendelee kwa karibu nusu sekunde kabla ya mgonjwa kusema kuwa amehisi. Ukikatwa mapema, mgonjwa hahisi kitu. Kwa ngozi, pigo moja fupi latosha. Maana ya jambo hili imebishaniwa sana na wanafalsafa, hasa juu ya wakati ambao fahamu huzaliwa. Kwa historia ya mguso bandia somo lilikuwa rahisi zaidi: mlango wa nyuma wa nyumba haufunguki kama mlango wa mbele.

Ili kinubi kipigwe uzi kwa uzi, ilihitajika sindano nyembamba kuliko waya wa Penfield, zenye kuingia ndani ya gamba na kuamsha seli chache. Hapo wanyama walirejea katika kazi, lakini kwa namna iliyokuwa imejifunza kutokana na upungufu wa zamani. Mwaka 1998 Ranulfo Romo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico walitangaza kazi yao juu ya tumbili waliofundishwa kulinganisha mitetemo miwili iliyotiwa kwenye ncha ya kidole, na kuonyesha kwa kubonyeza kitufe upi ulikuwa wa kasi zaidi. Tumbili walipozoea, mtetemo wa pili uliondolewa. Badala yake mapigo ya umeme ya kasi ile ile yalitiwa katika ukanda wa mguso. Tumbili waliendelea kuchagua sawa karibu kama kwanza. Mwaka 2000 wataalamu hao walionyesha kuwa hata mitetemo yote miwili ingeweza kuwa ya umeme, kidole kisiguswe kabisa.

Yapasa kuitazama vyema hekima ya jaribio hili. Ferrier alimtazama tumbili akisubiri ashtuke. Romo alimpa tumbili njia ya kujibu swali. Chaguo la mnyama likawa ushahidi wake. Hata hivyo ushahidi huo ulikuwa na mpaka. Tumbili aliweza kusema upi ni wa kasi. Hakuweza kusema kama kile alichokihisi kilifanana na kuguswa, au kilikuwa mnyeo tu uliokuja haraka au polepole. Kwa swali hilo alihitajika tena mtu wa kusema.

Mtu huyo alipatikana Pittsburgh. Nathan Copeland alivunjika shingo katika ajali ya gari mwaka 2004, akiwa kijana, na uti wa mgongo ulioumia ulikata njia kati ya ubongo na mikono yake. Ukanda wake wa mguso ulikuwa mzima, lakini barua zilikuwa hazifiki. Mwaka 2015 wapasuaji na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walimtia ubongoni vibamba vinne vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kikiwa na safu za sindano: viwili mbele ya mfuo, kwa ajili ya kusoma nia ya mwendo, na viwili nyuma yake, kwa ajili ya kupeleka mguso. Mkondo uliotumika haukuzidi miliampea 0.1.

Matokeo yalichapishwa mwezi wa Oktoba mwaka 2016, na Sharlene Flesher ndiye aliyetangulia katika orodha ya waandishi. Copeland alieleza kuwa anahisi mambo yale katika vidole na kiganja cha mkono wake mwenyewe, mkono uliopooza. Mara nyingine ilikuwa mnyeo, kama kwa wagonjwa wa Montreal. Lakini mara nyingi ilikuwa mkandamizo, kama kidole kinachobonyezwa. Umeme ulipoongezwa, mkandamizo ulizidi. Alipofungwa macho na vidole vya mkono wa mashine vikabonyezwa kimoja kimoja, aliweza kwa kawaida kutaja ni kipi. Mwezi huo huo, mjini Pittsburgh, alimsalimu Rais Barack Obama kwa kugonganisha ngumi kupitia mkono huo wa chuma.

Manufaa ya mguso huo yalipimwa baadaye. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2021, Copeland aliuongoza mkono wa mashine kwa nia yake, auokote mzigo na kuuhamisha. Akitumia macho peke yake, muda wake wa kati ulikuwa sekunde 20.9. Mguso wa umeme ulipoongezwa, ulishuka hadi sekunde 10.2. Macho humwonyesha mtu kwamba mkono umefika. Mguso humwambia kwamba umeshika. Asiyehisi husitasita juu ya kitu kama mtu atafutaye ufunguo gizani, hata kama taa inawaka.

Jitihada ya kukipiga kinubi wimbo kamili imeendelea, hasa katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Sliman Bensmaia, aliyefariki mwaka 2023, aliongoza kwa miaka mingi utafiti wa lugha ambayo neva huitumia katika kueleza mguso. Mwezi wa Januari mwaka 2025 wenzake walichapisha matokeo mapya. Sindano za jirani zilipotiwa umeme pamoja, washiriki waliopooza walihisi ukingo wa kitu; zilipotiwa kwa kufuatana, walihisi kitu kikipita juu ya ngozi, na waliweza kutambua hata herufi zilizochorwa kwa umeme peke yake. Ilionekana pia kwamba mahali pa hisia hapahamihami ovyo: sindano iliyoamsha kidole cha shahada iliendelea kuamsha kidole hicho kwa miaka.

Kazi haijakwisha. Vibamba huunganishwa na mashine kwa nyaya zitokezazo fuvuni, na ubongo huvizoea vigeni hivyo kwa shida. Watu waliowekewa vyombo hivi ni wachache mno. Tena hawakuahidiwa kuponywa. Waliukubali upasuaji wa kichwa wakijua kuwa faida yaweza kuwafikia wengine baada yao. Kati yao na Mary Rafferty pana sheria, kamati za maadili, fomu za ridhaa, na haki ya kusema basi wakati wowote. Vizuizi hivi havikushuka kutoka mawinguni. Vilijengwa polepole, na miongoni mwa mawe ya msingi wake ni aibu kama ile ya Cincinnati.

Aisomaye historia hii kwa makini huona kwamba kila hatua yake iliyodumu ilipatikana pale mtafiti alipojifunza kumwuliza vizuri zaidi yule aliyekuwa akihisi. Ferrier alikosea mahali pasipo jibu. Bartholow alipewa jibu asilisikilize lote. Cushing alingoja jibu akapata mahali. Penfield alilipima akapata ramani. Romo alimpa mnyama namna ya kujibu. Na watu wa Pittsburgh na Chicago wamekaa miaka na mashahidi wale wale, wakirudia swali lile lile: wapi, na kama nini? Vyombo vitaendelea kuwa bora, na mikondo itaendelea kuwa midogo. Lakini siku sindano itakapozalisha mguso kamili wa hariri au wa mkono wa mtoto, hapatakuwa na mashine ya kulithibitisha jambo hilo. Litathibitika kwa mtu mmoja kufumba macho, kutulia, na kusema kuwa ndivyo lilivyo. Na elimu yote iliyotangulia itasubiri neno lake.